Kufanya Kazi na Wachoraji wa Kiaborijini Katika Jangwa la Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na Waswahili wanaoishi Australia, na wengine walioko nyumbani, walioona tangazo la kazi katika kituo cha sanaa kijijini, mamia ya kilomita kutoka Alice Springs, wakataka kujua kama waombe. Kazi hiyo nimeifanya. Naipenda, na nawaheshimu sana wazee walionipokea. Mifano mingi nimeichukua Papunya na vijiji vya jirani zake, kwa kuwa historia ya huko imeandikwa vizuri na mtu yeyote anaweza kuifuatilia.

Kituo cha sanaa ni nini, na mwenye nacho ni nani?

Wenye nacho ni wachoraji wenyewe. Kisheria huwa ni kampuni au shirika la Waaborijini ambalo wanachama wake ni wenyeji wa pale, na bodi yake hutoka miongoni mwao. Bodi ndiyo inayomwajiri meneja na ndiyo yenye uwezo wa kumwachisha kazi. Papunya Tula Artists, iliyoundwa mwaka 1972, ndiyo iliyowatangulia wengine katika jangwa la magharibi, na mpaka leo inamilikiwa na watu wa huko. Warlukurlangu ya Yuendumu ilifuata mwaka 1985, kisha vituo vingi vikazaliwa.

Jengo lenyewe mara nyingi ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji, stoo ya rangi, ofisi yenye kompyuta, na kivuli nje ambako watu huketi chini wakiwa na turubai mbele yao. Shika hili kwanza: wewe ni mwajiriwa wa yule bibi anayechora pale kivulini. Ukilikubali kwa moyo, mengine yote utayaelewa haraka.

Ni kweli kwamba uchoraji huu ulianzishwa na mwalimu mzungu?

Hapana, ingawa utausikia usemi huo mara nyingi. Michoro ni ya kale. Watu wa jangwani waliichora mchangani, miilini wakati wa sherehe, ardhini kwa manyoya na udongo wa rangi, na kwenye kuta za mapango. Kilichokuja baadaye ni ubao, turubai na soko.

Hata soko halikuanzia hapo. Albert Namatjira, Mwarrernte wa Hermannsburg, alijifunza rangi za maji kwa Rex Battarbee mwaka 1936, akawa mchoraji maarufu nchi nzima. Mwaka 1957 alipewa haki za uraia wakati ndugu zake wengi walikuwa bado chini ya uangalizi wa serikali, kwa hiyo yeye aliruhusiwa kununua pombe na jamaa zake hawakuruhusiwa. Akashtakiwa kwa kuwapa. Alitumikia kifungo cha miezi miwili Papunya, na muda mfupi baadaye, Agosti 1959, akafariki.

Papunya yenyewe, kilomita 240 hivi kaskazini-magharibi ya Alice Springs, ilikuwa makazi yaliyojengwa na serikali kwa siasa ya kuwafanya Waaborijini waishi kama wazungu. Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri, Waanmatyerre na Waarrernte walirundikwa mahali pamoja, wengi wao mbali na nchi zao. Geoffrey Bardon, mwalimu kijana kutoka Sydney, alifika mwaka 1971 kufundisha sanaa. Mwaka huohuo wazee walichora kwenye ukuta wa shule hadithi ya sisimizi wa asali, ambao ni wa ardhi ile. Kabla ya hapo ukuta wa serikali haukuwahi kubeba jambo lao. Mchoro huo baadaye ulipakwa rangi juu na kupotea.

Baada ya ukuta wakaja wanaume wakitaka mbao. Walichorea vipande vya plywood, masalia ya ujenzi, chochote kilichokuwa bapa. Agosti 1971 Kaapa Mbitjana Tjampitjinpa alishinda kwa pamoja tuzo ya uchoraji huko Alice Springs, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Bardon aliwatafutia rangi, akawapelekea picha mjini, akaandika hadithi ya kila ubao. Alichofungua ni mlango wa stoo. Maarifa yalikuwa yao, na ninaposema hivi simpunguzii heshima mwalimu yule: kuna walimu wengi waliopita Papunya na stoo haikufunguliwa.

Kila siku nitakuwa nafanya nini hasa?

Kila kitu isipokuwa picha.

Asubuhi utatia maji kwenye gari na kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwachukua wazee wanaotaka kuja. Utakata turubai, utalivuta kwenye fremu au kulilaza bapa, utalipaka rangi ya msingi, nyekundu au nyeusi kama mchoraji anavyotaka, na utasubiri likauke. Utachanganya rangi za akriliki kwenye vikopo vidogo, na utaviosha. Utaosha brashi nyingi kuliko ulivyodhani kwamba ziko duniani. Utachemsha chai. Utampeleka mtu zahanati, utamsaidia mwingine kupiga simu benki, utasoma barua ya serikali kwa sauti na kueleza inataka nini.

Picha ikikamilika unaipa namba. Unaipiga picha, unapima urefu na upana, unaandika jina la mchoraji, tarehe, na hadithi kama mwenyewe alivyoisema. Kutokana na kumbukumbu hiyo hutoka cheti kitakachofuatana na picha hadi ukutani kwa mnunuzi. Watu wengi hudharau hatua hii kwa sababu ni ya makaratasi. Mimi naiona ndiyo ngao ya mchoraji. Mwaka 2022 tume ya serikali ya tija ilipochunguza biashara hii iligundua kwamba zaidi ya nusu ya bidhaa na zawadi za watalii zinazouzwa kwa sura ya Kiaborijini hazikutengenezwa na Waaborijini wala kwa idhini yao. Cheti safi kutoka kituo cha wachoraji ndicho kinachotenganisha kazi ya kweli na takataka hiyo.

Kisha kuna kufunga. Picha hukunjwa kwenye mrija, husafirishwa kwa gari la mizigo kwenye barabara ya vumbi, hupanda ndege. Jifunze kufunga vizuri. Picha iliyochorwa kwa wiki nyingi huweza kuharibika saa moja kwa uzembe wa mtu aliyekunja upande wa rangi kwa ndani.

Mchoraji akinisihi nimsaidie kujaza nukta, je, nikubali?

Usikubali.

Najua ugumu wake. Bibi amechoka, macho yamefifia, turubai ni la mita mbili, na amekuita mjukuu. Lakini katika ukoo wake wako watu wenye haki ya kumsaidia: binti zake, wajukuu, wakwe wa upande fulani. Kwa kawaida familia huchora pamoja, na haki ya nani aguse hadithi ipi inajulikana kwao vizuri sana. Wewe humo haumo. Ukimwona amechoka, mwendee binti yake umwambie. Au turubai lisubiri kesho.

Mwaka 2023 gazeti la The Australian lilichapisha tuhuma kwamba wafanyakazi wazungu katika studio za umoja wa vituo vya sanaa vya APY, yaani ardhi za Waaborijini kusini mwa Australia, walikuwa wamechora sehemu za picha za wachoraji. Umoja huo ulikanusha. Makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Canberra yaliahirisha maonyesho makubwa yaliyokuwa yamepangwa, yakaweka jopo huru lichunguze picha 28, na jopo likaona kwamba zimetimiza masharti ya makumbusho kuhusu asili yake. Lakini tazama wachoraji walivyoumia: wazee waliokuwa wamefanya kazi yao kwa heshima walijikuta wanaulizwa na nchi nzima kama mikono ile ni yao. Brashi moja mkononi mwa mgeni, hata kwa nia njema, yatosha kuwavutia swali hilo.

Kupaka rangi ya msingi unaruhusiwa. Kuvuta turubai, ndiyo. Kufuta tone la chai lililomwagika pembeni, muulize kwanza.

Basi hata ushauri wa rangi nisitoe?

Hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu wengi hujibiwa "usiingilie" wakadhani wamemaliza. Huwezi kutoingilia. Wewe ndiye uliyeagiza rangi kutoka mjini. Kama hukuagiza zambarau, hapatakuwa na zambarau. Wewe ndiye uliyekata turubai dogo au kubwa. Uliitazama picha ya jana ukafurahi sana, na ya leo ukasema tu "vizuri, mama." Kila mtu pale ameona. Jumba la maonyesho la Melbourne limekuandikia kwamba linataka picha zenye nyeupe nyingi, na barua hiyo umeisoma kwa sauti.

Bardon mwenyewe aliingilia. Aliwahimiza wazee waache namna ya kizungu ya kuchora wadudu na wanyama, wachore kwa alama zao. Wako wanaomsifu kwa hilo na wako wanaosema alichagua kwa niaba yao Uaborijini uweje. Nadhani alifanya jambo jema, na nadhani pia ni vema tukikumbuka kwamba lilikuwa chaguo la mgeni.

Kwa hiyo jua kivuli chako kinaangukia wapi. Agiza rangi nyingi na uziweke wazi mtu achague mwenyewe. Soko likisema jambo, lipeleke kwa bodi, wao waamue kama walisikilize. Emily Kame Kngwarreye wa Utopia, eneo la jangwani, alianza na batiki mwishoni mwa miaka ya 1970, akafika kwenye turubai akiwa mzee wa karibu miaka 80, na katika miaka michache hadi kifo chake mwaka 1996 alibadilisha namna yake tena na tena: nukta, kisha mistari, kisha mapigo mapana ya rangi. Soko lilikuwa linamfuata yeye. Mtu wa aina hiyo anaweza kuwa ameketi mbele yako, na ukimwambia "endelea na ile ya zamani, inauzika" utakuwa umeiba kitu ambacho hakuna atakayekijua.

Picha zina maana gani? Naweza kumuuliza mchoraji?

Uliza mara moja, kwa adabu, na pokea unachopewa. Picha nyingi zinabeba Tjukurrpa, yaani habari za wahenga walioiumba nchi walipopita, sheria walizoziacha, na mahali hasa walipopita: kisima kile, kilima kile, mchanga ule. Duara linaweza kuwa maji au kambi, umbo la nusu mwezi ni mtu aliyeketi, mistari ni safari. Lakini usitembee na kamusi ya alama kichwani. Duara hilohilo lina tabaka. Mtoto anaambiwa moja, mtu mzima lingine, na yako mengine ambayo ni ya wanaume waliopitia jandoni tu, au ya wanawake tu.

Mbao za mwanzo za Papunya zilionyesha mambo ambayo hayakupasa kuonwa na kila mtu. Zilipoonyeshwa hadharani, watu wa jamii za jirani walikasirika, na haki yao. Wachoraji wakajirekebisha: vitu vya siri vikaondolewa, na uwanda wa nukta ukatanda. Makumbusho ya Darwin yana mbao nyingi za miaka hiyo, na yalipoandaa maonyesho yake mwaka 2017 yalikaa kwanza na wazee kuamua zipi zionekane na zipi zibaki stoo. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni maji tu", andika "maji" kwenye cheti. Usiongeze uliyoyasoma mahali pengine.

Nimeambiwa nitapewa jina la ukoo. Lina uzito gani?

Lina uzito mkubwa kuliko unavyofikiri. Katika jangwa la kati watu wamegawanyika katika makundi manane, na kila kundi lina jina la wanaume na la wanawake. Kwa Wapintupi ya wanaume huanza na Tj, kama Tjapaltjarri au Tjakamarra, na ya wanawake huanza na N, kama Napaltjarri au Nakamarra. Ukipewa jina, papo hapo umepata mama, kaka, watoto, na wakwe. Wengi wetu kutoka bara tunaijua heshima ya mkwe: huketi naye mkeka mmoja, humtazami usoni, njia ikikukutanisha naye unapinda. Huko ni vilevile, tena kwa ukali zaidi. Kabla hujapanga watu kwenye gari, muulize mfanyakazi mwenyeji nani asikae karibu na nani. Safari nzima imewahi kuvunjika kwa ajili hiyo.

Jina halikufanyi mwenyeji. Limekupa majukumu kwanza, na haki chache baadaye.

Mchoraji akifariki tunafanyaje?

Jina lake halitajwi tena kwa muda ambao familia itaamua, na wenye jina kama lake huitwa kwa jina la badala. Picha zake za uso hushushwa ukutani. Picha alizochora hufunikwa au huwekwa kando mpaka familia iseme. Watu wanaweza kuhama nyumba, kituo kinaweza kufungwa siku nyingi, na maonyesho yaliyopangwa Sydney yatangoja. Waandikie wanunuzi kwamba kuna msiba. Usimharakishe mtu, na usimtume kijana aende kuuliza.

Pesa zinagawanywaje?

Kila kituo kina kanuni iliyopitishwa na bodi yake, na mara nyingi mchoraji hupata karibu nusu au zaidi ya kile kituo kinachopokea; kinachobaki hununua turubai, rangi, mafuta ya gari na kulipa mishahara. Vituo vingi hupata pia ruzuku ya serikali. Kanuni hiyo ijue kwa moyo, maana utaielezea kila wiki, na ni haki ya mchoraji kuielezwa kila wiki.

Mwenye kupata pesa kijijini hapati peke yake. Zikiingia leo saa nne, kufikia mchana ndugu wameshafika, na kumnyima ndugu ni aibu kubwa. Wewe usihukumu, sisi wenyewe tunajua mshahara wa mtu mmoja unavyolisha nyumba tatu. Lakini ndiyo sababu wachoraji wengine hukuomba uwawekee, uwalipe kidogokidogo, au umlipe binti yao. Fuata walivyoagiza, weka saini, weka kumbukumbu. Usimkopeshe mtu kutoka mfukoni mwako kisha ukadai picha. Hivyo ndivyo walanguzi wanavyofanya.

Walanguzi hao wapo, na utawaona Alice Springs. Humpakia mzee aliyekuja mjini kwa matibabu, humweka kwenye nyumba au banda, humpa turubai, chakula na pesa kidogo au gari bovu, kisha huuza picha kwa bei ya juu. Bunge la Seneti lilichunguza mambo hayo mwaka 2007, na mwaka 2010 zikaanza kanuni za maadili za wauzaji wa sanaa ya wenyeji asilia, ingawa kujiunga nazo ni hiari. Ukimkuta mchoraji wako kwenye banda la namna hiyo usimkaripie. Pengine mjukuu wake alikuwa na deni. Mkaribishe kituoni.

Kuhusu bei za minadani, nitatoa mifano miwili ili ujue kwa nini wazee wengine wana uchungu. Johnny Warangkula Tjupurrula alichora maji ya Kalipinypa mwaka 1972, picha ikauzwa kwa dola 150. Mwaka 1997 ilifika dola 206,000 mnadani na mwaka 2000 ikapita 480,000, na sheria wakati huo haikumpa yeye senti. Warlugulong ya Clifford Possum Tjapaltjarri, ya mwaka 1977, iliuzwa awali dola 1,200, na mwaka 2007 makumbusho ya taifa yakainunua kwa dola milioni 2.4, mwenyewe alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Tangu Juni 2010 sheria inampa mchoraji, au warithi wake, asilimia 5 kila picha inapouzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi. Hakikisha kila mchoraji wako amesajiliwa na warithi wake wanajulikana. Ni karatasi chache tu, na zitawalisha wajukuu.

Na hakimiliki?

Ni ya mchoraji, hata baada ya picha kuuzwa. Mwaka 1966 Australia ilitoa noti ya dola moja yenye mchoro wa David Malangi wa Arnhem Land, naye hakuwa ameulizwa. Baadaye alipewa dola 1,000, medali na vifaa vya kuvulia samaki. Hakimiliki ya Namatjira iliuzwa na ofisi ya serikali mwaka 1983 kwa dola 8,500 bila ridhaa ya familia, na haikurudi kwao hadi 2017. Mtu akikuomba mchoro kwa ajili ya fulana au kalenda, jibu lako liwe moja: subiri niulize.

Naweza kupiga picha kwa simu na kuweka mtandaoni?

Picha za watu na za mahali, kwa ruhusa ya kila mmoja na kila mara. Sherehe, usipige kabisa.

Nahitaji ruhusa ya kuingia kijijini?

Ndiyo. Sehemu kubwa ya Northern Territory ni ardhi ya Waaborijini chini ya sheria ya mwaka 1976, na kibali hutolewa na baraza la ardhi, kwa huku katikati ni Central Land Council. Kijiji cha Kiwirrkurra kiko upande wa Western Australia, kwa hiyo kibali chake ni kingine. Vijiji vingi vimepiga marufuku pombe, na marufuku hiyo inakuhusu hata ukiwa chumbani kwako. Kuhusu kazi, wengi wanaotangaza nafasi hutaka mtu ambaye tayari ana haki ya kufanya kazi Australia, leseni ya udereva, na kibali cha kufanya kazi palipo na watoto.

Mimi ni Mwafrika mweusi. Nitapokelewa tofauti?

Utaulizwa maswali mengi mazuri: kwenu mnakula nini, simba wako karibu, bibi yako yuko hai, nani anaitunza nchi yenu ukiwa huku. Rangi ya ngozi itakufungulia mazungumzo haraka, na pengine utaambiwa mambo ya wazungu ambayo mzungu haambiwi. Lakini ardhi ile si yako. Mtu aliyefika kutoka Mombasa na aliyefika kutoka Melbourne wote ni wageni wa wenye kisima.

Hata Mwaborijini kutoka kwingine ni mgeni. Djon Mundine, Mbandjalung wa pwani ya mashariki, alikuwa mshauri wa sanaa Ramingining, kaskazini kabisa, na kutoka huko wachoraji 43 walitengeneza magogo 200 ya mazishi kwa ajili ya mwaka 1988, walipokuwa wengine wakisherehekea miaka 200 ya wazungu kufika. Magogo hayo yako Canberra, na sijaona kazi ya sanaa inayonishinda kuipita kama ile.

Na kwa kuwa watu wa pwani hunitajia sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia: ndiyo, ni kweli. Mwaka 1944 askari aliyekuwa kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, nchi ya Waaborijini waitwao Wayolngu, aliokota mchangani sarafu tisa, na tano kati yake zilikuwa za usultani wa Kilwa. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana. Wazee wa Kiyolngu ukiwahadithia Kilwa watakusikiliza vizuri.

Mbona wageni wengi huacha kazi hii mapema?

Joto, upweke, barabara, na kuwa wewe ndiye fundi wa gari, mhasibu, dereva na mpokea simu kwa wakati mmoja. Usiku unagongewa mlango. Kuna misiba mingi, kwa sababu watu wanafariki wakiwa na umri mdogo, na ni watu uliowachemshia chai. Bardon aliondoka mwaka 1972 akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, na afya yake haikupona vizuri tena. Wako pia waliodumu, kama Daphne Williams, aliyewatumikia wachoraji wa Papunya Tula tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa takriban miongo miwili.

Chukua likizo zako zote. Uwe na mtu wa kumpigia simu ambaye si wa kijiji hicho wala si bosi wako. Lala.

Mbali na pesa, uchoraji umewasaidia nini?

Umewasaidia kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wapintupi waliihama Papunya wakarudi magharibi kwenye ardhi yao, wakaanzisha Kintore na kisha Kiwirrkurra. Mwaka 1984 huko Kiwirrkurra walijiunga nao jamaa zao tisa waliokuwa bado wanaishi jangwani bila kukutana na wazungu. Mmoja wao, Warlimpirrnga Tjapaltjarri, alianza kuchora mwaka 1987 na leo anajulikana duniani. Mwenzake katika kundi lile, Yukultji Napangati, alishinda tuzo ya Wynne ya Sydney mwaka 2018. Kwa wanawake wa Papunya Tula njia ilikuwa ndefu zaidi. Wengi walikuja kuchora kwa majina yao wenyewe katika miaka ya 1990.

Kisha ugonjwa wa figo. Aliyehitaji kusafishwa damu kwa mashine ilimbidi ahamie Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kintore, akaishi huko mpaka afe, mbali na wajukuu na nchi aliyopaswa kuitunza. Mwaka 2000 wanaume na wanawake wa Kintore na Kiwirrkurra walichora picha kubwa kwa pamoja, zikapigwa mnada katika makumbusho ya sanaa ya Sydney, zikapata zaidi ya dola milioni moja. Kwa pesa hizo wakaanzisha huduma yao wenyewe, na mwaka 2004 mashine ikawa inafanya kazi Kintore. Huduma hiyo, inayojulikana kwa jina la Purple House, imeenea hadi vijiji vingi vya mbali. Mtu akikuambia kwamba picha hizi ni mapambo ya kuta za matajiri, mwonyeshe kiti kile kando ya mashine, na mzee aliyeketi anatazama nchi yake dirishani.

Nikiondoka niache nini?

Mwache kijana mmoja au wawili wa pale wanaoweza kuandika kumbukumbu, kukata turubai na kuendesha kompyuta bila wewe. Hilo lianze wiki ya kwanza, lisingoje mwezi wa mwisho. Acha orodha kamili ya picha zilizoko stoo, hadithi zilizothibitishwa na wenyewe, na maelezo ya kanuni za heshima ulizofundishwa ambazo unaruhusiwa kuzisema. Anayekuja asirudie kuwasumbua wazee kwa maswali yaleyale. Na majina ya wachoraji ambao picha zao ziko Sydney au Melbourne na hazijalipwa bado, yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa makabidhiano, juu kabisa, pamoja na kiasi anachodai kila mmoja.